Kumuuliza Mwalimu na Kuliuliza Jiwe



Katika darasa letu la usiku wa Alkhamisi paliulizwa suali ambalo mpaka leo halijanitoka moyoni. Aliyeuliza ni mzee mmoja mtu wa kheri, mwenye kupenda elimu na kuwatukuza wanaoisomesha. Akasema: "Shekhe, watoto wa siku hizi hawapokei neno. Mwalimu akiwaambia jambo huuliza, umejuaje? Jee, huku si kukosa adabu?" Wengi waliokuwapo waliafikiana naye kwa kutikisa vichwa. Mimi usiku ule sikumjibu. Nilimwambia kuwa nitajibu kwa kalamu, kwa sababu jawabu yangu ina kisa ndani yake, na kisa chenyewe kinanihusu mimi, wala hakinipi sifa.

Mwaka 2021 nilikaa miezi mitano Karagita. Jina hili huenda likawa geni kwa watu wa pwani. Ukifika Naivasha, katika Bonde la Ufa, ukashika njia inayopita kusini ya ziwa, hutakwenda mbali ila utaikuta. Wakaazi wake wengi ni wafanya kazi wa mashamba ya maua, waliokuja kutafuta riziki kutoka kila pembe ya nchi, na nyumba zao zimesongamana. Upande mmoja limetanda ziwa, na upande wa pili unauona mlima Longonot, wenye urefu wa mita 2,776 na shimo kubwa juu yake kama bakuli. Waislamu wako, ingawa si wengi. Jamaa yangu mmoja anayefanya biashara huko aliniomba niwasomeshe watoto wao mpaka apatikane mwalimu wa kudumu, nami nikakubali.

Jioni moja nilikuwa nikiwasomesha mlango wa tohara, nikawahisabia maji yanayofaa kwa udhu: ya mvua, ya mto, ya kisima, na ya bahari ijapokuwa yana chumvi. Kijana mmoja akauliza: "Maalim, mbona ziwa letu halina chumvi?" Nikamjibu papo hapo kuwa ziwa hili huingiwa na mito, na mito huleta maji matamu. Nikataka kuendelea. Msichana mmoja wa miaka kama 12 akainua mkono: "Maalim, hata ziwa la Nakuru huingiwa na mito, mto Njoro unaingia mle. Mbona lile lina chumvi?"

Nilikuwa sijui. Lakini nilikuwa nimevaa joho, na mbele yangu wamekaa watoto 30, na mlangoni wamesimama wazee wawili wakisikiliza. Basi nikamwambia: "Mtoto mwema hashindani na mwalimu wake. Kaa." Akakaa. Kesho yake hakuja, wala siku ya pili, wala ya tatu.

Ewe msomaji, nimelipima tendo lile mara nyingi tangu siku hiyo. Jawabu niliyompa yule kijana nilikuwa sikuichunguza, wala sikuipokea kwa mtu aliyeichunguza. Ilinijia tu ulimini kwa kuwa yapendeza kusikika. Na yule msichana aliponionyesha tundu katika jawabu hiyo, sikuliziba kwa hoja, nililiziba kwa cheo. Neno la halali nililokuwa nalo lilikuwa moja, lenye herufi tano: sijui. Imepokewa kwamba Imamu Malik, naye ndiye aliyekuwa akisafiriwa na watu kutoka miji ya mbali, alikuwa akiulizwa masuali mengi kwa pamoja, na katika sehemu kubwa akajibu kuwa hajui. Neno lisilomdhili mtu kama yeye mimi niliona litanidhili mbele ya watoto wa Karagita.

Siku ya nne nilikwenda kwao. Nilimkuta mama yake ndio kwanza amerudi kazini, mikono yake imechanjwa na miiba ya waridi. Nikamweleza lililonileta. Akasema: "Maalim, huyu hana ubaya. Hata hapa nyumbani huuliza mpaka tunachoka. Ameniambia harudi, kwa sababu akirudi atauliza tena, na wewe utaudhika." Nilimwambia: "Mama, mwambie arudi, na aulize. Na umwambie kuwa maalim hakuwa na jawabu." Yule mama alinitazama kwa muda, kisha akacheka kidogo. Nadhani hakuwahi kusikia neno hilo kutoka kwa mtu mwenye kilemba.

Aliporudi, nilimtaka radhi mbele ya wenziwe, kisha nikawaambia wote: suali hili hatulijui, tulitafute. Katika skuli ya jirani palikuwa na mwalimu kijana anayesomesha jiografia, si wa dini yetu, mtu mpole sana. Nilimuomba atusaidie, naye akanipa shuruti moja: kwamba yeye hatatupa jawabu, atatuonyesha namna ya kuuliza tu. Kwanza nilidhani ananifanyia mzaha. Baadaye nikafahamu kuwa ndiyo njia wanayoisomesha ilimu ya mawe na ardhi siku hizi, ile iitwayo jiolojia. Mwanafunzi haanzi kwa kuhifadhi majina ya mawe. Huanza kwa kulishika jiwe, akasema analoliona, akakisia sababu yake, akatafuta jambo litakaloweza kumwonyesha kuwa amekosea.

Basi tulitafuta maji ya namna tatu. Maji ya ziwa letu tuliyachota wenyewe. Maji ya ziwa Elmenteita aliletewa jamaa yangu na dereva mmoja wa matatu ya Gilgil. Na maji ya bahari ndugu yangu alinitumia kwa basi, chupa mbili za Likoni, na mapokezi wakaniuliza kama ni dawa. Tukapima lita mbili za kila aina, tukazibandika jikoni katika sufuria tatu, tukazichochea makaa mpaka maji yote yakakauka. Watoto walikaa kando kama wanaongojea pilau. Sufuria ya bahari ilibakia na chumvi tele, ya kujaza vijiko kadhaa. Sufuria ya Elmenteita ilibakia na unga mweupe wenye kuteleza mkononi kama sabuni, na tulipoukamulia ndimu ulifanya povu na kuchemka. Hayo ni magadi, na kina mama wa kwetu wanayajua katika mapishi. Sufuria yenyewe iligeuka nyeusi na ikabidi nimnunulie mke wa jamaa yangu nyingine. Na sufuria ya Naivasha? Chini yake palibakia utando mwembamba, kama vumbi la chaki kwenye kidole.

Hapo mwalimu yule akauliza: chumvi na magadi vimetoka wapi? Wakasema: vimeletwa na mito, kwa kuwa maji hupita juu ya mawe yakayayeyusha kidogo kidogo. Jee, jua likiyainua maji, chumvi nayo huruka? Wakazitazama sufuria, wakasema: hairuki, hubaki. Basi ziwa ambalo maji yake huingia kwa mito na kutoka kwa jua peke yake litakuwaje baada ya miaka mingi? Wakajibu kwa pamoja: litakuwa kama sufuria. Na ziwa letu halikuwa kama sufuria, na hali jua la Naivasha hunyanyua zaidi ya mita moja na nusu ya maji kila mwaka, na hakuna mto hata mmoja unaoonekana kutoka ndani yake.

Watoto walikisia mambo matatu. Wa kwanza alisema pana mlango chini ya ardhi, na maji hutoka kwa siri yakaondoka na chumvi yao. Wa pili akasema mafunjo ya pembezoni na matope ya chini hula chumvi. Wa tatu, yule kijana aliyeanza suali, akasema huenda ziwa hili ni changa, halijapata muda wa kuwa chungu. Mimi nafsi yangu niliipenda ile ya kwanza, na nikataka kuitangaza kuwa ndiyo. Mwalimu akanizuia kwa adabu, akasema: "Shekhe, kupendeza kwake si dalili yake."

Na dalili ipo, tena karibu. Kusini ya ziwa, Olkaria, watu hutoboa ardhi kutafuta mvuke wa kuendesha mitambo ya umeme. Walianza kutoboa mwaka 1956, wakashuka mamia ya mita, wasipate mvuke wa kutosha, wakaacha. Katika miaka ya 1970 walirudi wakatoboa tena, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza ukatoa umeme. Maji na mvuke wa visima vile wataalamu waliyapima. Maji yaliyokaa sana juani hubakiwa na alama: sehemu iliyo nyepesi hutangulia kuruka, na iliyo nzito kidogo husalia, na alama hiyo haifutiki kwa kupita chini ya mawe. Katika maji ya chini ya ardhi upande wa kusini wa ziwa ilionekana alama ile ile ya ziwa, na upande wa kaskazini vile vile. Basi mlango upo, nao si mmoja. Hakuna aliyeuona kwa macho, lakini wamemjua aliyepita kwa nyayo zake.

Hata hivyo wale watoto wawili wengine hawakushindwa. Mito ya Malewa na Gilgil huleta maji yenye chumvi chache tangu asili, na mimea na matope huchukua sehemu yake. Na katika matope ya chini ya ziwa wataalamu wamesoma kuwa kiasi cha miaka 3,000 iliyopita lilikauka, kisha likajaa upya. Kwa hivyo hata neno la uchanga lina haki yake. Jawabu niliyoitoa mimi jioni ile kwa sauti ya kukata ilikuwa kipande kimoja cha jawabu, na kipande kidogo.

Baada ya hapo sikuweza kuwazuia tena, wala sikutaka. Udongo wa Karagita ni majivu ya volkano, na mtoto akichimba kidogo tu hutoa jiwe la kijivu, jepesi, lenye matundu kama mkate wa kumimina. Walilitia katika ndoo likaelea. Jiwe hili mimi nalijua tangu utoto, maana kwetu ni la kusugulia nyayo, na katika umri wangu wote sikuwahi kujiuliza limetoka wapi. Kwa nini linaelea? Mmoja alisema asili yake ni mti. Mwingine akasema limeumbwa kwa kitu chepesi. Msichana yule akataka kinu. Wakalitwanga hata likawa unga, wakautia katika bilauri ya maji na kukoroga, na unga ukazama wote. Basi wepesi haukuwa wa jiwe, ulikuwa wa hewa iliyofungwa katika matundu yake. Lilipokuwa zaha, yaani uji wa mawe yaliyoyeyuka, lilijaa pumzi kama unga wa maandazi uliotiwa hamira, kisha likapoa kabla pumzi haijatoka. Na lile jiwe jeusi linalong'aa kama kioo, linalookotwa upande wa Olkaria, ambalo watu wa kale walilichonga visu, ni ndugu yake wa tumbo moja. Lile lilipoa upesi, lakini bila ya mapovu. Volkano ya Krakatau iliporipuka mwaka 1883 huko visiwa vya Indonesia, mawe kama haya yalielea yakavuka Bahari ya Hindi hata yakafika kwenye fukwe za Afrika Mashariki. Huenda bibi zetu waliyaokota wakasugulia nyayo bila ya kujua kuwa ni barua ya msiba wa watu wengine.

Nami nilikuwa na jiwe langu la kuwaonyesha. Nilikwenda Mombasa kwa siku chache, nikarudi na kipande cha ukuta wa kale uliobomoka. Tulikisaga tukakikamulia ndimu, kikafanya povu. Jiwe la Karagita tukalikamulia, lisifanye kitu. Wakalitazama lile la kwetu kwa kioo cha kukuzia wakaona ndani yake matumbawe na vipande vya kome. Basi nyumba zetu, na misikiti yetu mikongwe, na ngome ya Fort Jesus iliyoanza kujengwa mwaka 1593, zimejengwa kwa majumba ya viumbe wa baharini. Na mwamba ule umesimama juu ya maji kwa sababu bahari ilipata kuwa juu zaidi kuliko ilivyo leo, yapata miaka 125,000 iliyopita. Mimi nimeegemea kuta hizo miaka 40 na zaidi. Ilinibidi niende kilomita mia tano na kitu bara, kwa watoto wasioiona bahari, ndipo nizitazame.

Hapo najua mmoja wenu ataniuliza: na hii miaka 125,000 umeipata wapi, na sisi tumesikia kuwa dunia haifiki hata miaka 10,000? Ndugu yangu, nionyeshe aya. Qurani haikutaja idadi. Hisabu iliyoenea zaidi ni ya Askofu James Ussher wa Ireland, aliyeandika katika karne ya 17 kuwa dunia iliumbwa mwaka 4004 kabla ya Nabii Isa. Nyingine zilitoka katika hadithi za wana wa Israili, zikaingia katika vitabu vya visa, na sisi tukazirithi bila ya kuuliza sanadi yake. Mimi mwenyewe chuoni nilifundishwa kuwa dunia imebebwa na ng'ombe, na tetemeko hutokea anapoihamisha kutoka pembe hii hadi pembe ile. Lakini tarehe 6 Januari 1928 palitokea tetemeko kubwa Subukia, kaskazini ya Nakuru, na ardhi ikapasuka kwa kuufuata ukingo wa Bonde la Ufa. Matetemeko ya nchi yetu hupenda mno kulifuata bonde hilo. Mwenye kushikilia ng'ombe na atueleze kwa nini pembe zake zina mapenzi na Nakuru kuliko Lamu.

Nisije nikadhaniwa kuwa nawasifu wazungu na kuwasahau watu wetu. Al-Biruni, aliyezaliwa mwaka 973, alipofika India aliutazama uwanda wa mto Ganges, akaona mawe yaliyo karibu na milima ni makubwa ya mviringo, na kila ukienda mbali huwa madogo, mpaka karibu na bahari yakawa mchanga. Akakata kuwa pale palikuwa bahari, ikafukiwa na udongo wa mito. Hakusema hivyo kwa kuwa aliambiwa, alisema kwa kuwa alitazama. Na vito na madini aliyapima uzito wake kwa maji, jambo ambalo si mbali na lile la ndoo ya Karagita. Ibn Sina naye aliandika namna milima inavyoinuliwa na matetemeko na namna inavyochongwa na maji kwa muda mrefu. Sisi tulio nyuma yao twayakariri majina yao katika hotuba, na kazi yao tumeiacha.

Tena kuna jambo ambalo lanichoma zaidi. Mwaka 1893 alipita Naivasha mtaalamu wa mawe kutoka Uingereza, J. W. Gregory, naye ndiye aliyelieneza jina la Bonde la Ufa kwa kitabu chake cha mwaka 1896. Alisema kuwa bonde lile halikuchimbwa na mto, bali ni kipande cha nchi kilichoshuka baina ya nyufa mbili. Msafara wake ulianzia pwani, na wapagazi wake walikuwa watu wa pwani. Mawe aliyoyaokota yalibebwa kwa vichwa vya babu zetu. Siwalaumu, maana walikuwa wakitafuta chakula cha watoto wao, na hakuna aliyewaeleza yaliyomo katika mizigo. Lakini sisi hatubebi tena mizigo ya mtu, na bado hatuulizi.

Niwarejeshe kwenye suali la mzee wetu, la adabu. Yafaa tukumbuke ni elimu gani tuliyoisoma sisi wenyewe. Maulamaa wa hadithi walikuwa wakimuuliza mtu mzima, mchaji Mungu, mwenye ndevu nyeupe: nani kakwambia? naye alimsikia nani? walikutana wapi? Wala hawakuitwa wasio na adabu. Kwa masuali hayo ndiyo iliyohifadhiwa dini. Mwalimu mkweli hakuudhika, kwa kuwa sanadi yake alikuwa nayo. Aliyeudhika ni yule aliyekuwa hana. Nalisema hili nikijua kuwa siku ile Karagita mimi nilikuwa katika hawa wa pili.

Na jiwe nalo lina sanadi. Tulikwenda siku moja mbuga ya Hell's Gate, katika korongo la Njorowa, ambalo zama ziwa lilipokuwa kubwa zaidi maji yake yalikuwa yakimwagikia huko kuelekea kusini. Kuta zake zimepangwa matabaka juu ya matabaka, majivu juu ya changarawe, changarawe juu ya majivu, na la chini ndilo la kwanza isipokuwa pakiwa na dalili ya kupinduka. Mahali pengine tabaka limekatika: la juu limekaa moja kwa moja juu ya lile la kale sana, na yaliyokuwa kati yamekwisha liwa na maji. Niliwaambia wanafunzi wangu wakubwa kuwa sisi kitu hiki twakiita sanadi iliyokatika, na anayekiona hana ruhusa ya kulijaza pengo kwa kisa alichokitunga. Yule mwalimu wa jiografia alifurahi sana, akaandika maneno hayo katika daftari lake.

Kulijaza pengo kwa kisa ndiyo maradhi yetu, na si yetu peke yetu. Mwezi wa Machi 2018, baada ya mvua kubwa, paliachama ufa mrefu upande wa Mai Mahiu na Suswa, ukaikata njia ya Narok. Haukupita muda magazeti ya dunia yakaandika kuwa Afrika inapasuka vipande viwili mbele ya macho yetu. Na mimi nilisikia kwa masikio yangu hotuba ya Ijumaa ikisema kuwa hiyo ni alama ya Kiyama. Mwenye gazeti na mwenye mimbari, wote wawili, hawakuwa wameteremka kuutazama ufa. Wataalamu walipokwenda hawakuafikiana mara moja, lakini wengi waliona kuwa ardhi ya pale ni majivu laini, na chini yake pana nyufa za kale zilizofukiwa, na maji ya mvua yaliyachota majivu hayo mpaka juu pakaporomoka. Ni kweli kuwa bonde hili linapanuka, lakini ni kwa milimita chache kwa mwaka, na bara haligawanyiki kwa mvua ya wiki moja. Nilimuuliza khatibu mmoja baadaye: jee, utawaambia watu kuwa ulikosea? Akasema watasahau. Naam, watasahau ufa. Watakachokumbuka ni kuwa shekhe husema tu.

Wako ndugu watakaotamani nimalize kwa kuonyesha kuwa haya yote ya matabaka na zaha yamo tayari katika Qurani. Sitafanya hivyo. Tumeamrishwa katika sura ya Ankabut, aya ya 20, tutembee katika ardhi tutazame vipi uumbaji ulivyoanza. Amri hiyo ni ya miguu na macho, na asiyetembea hakuitekeleza kwa kuitafsiri. Tena maneno ya wanajiolojia hubadilika, na hiyo si aibu kwao bali ndiyo sifa ya kazi yao. Anayekifunga Kitabu na kadirio la mwaka huu atakuja kukifungua mwaka ujao kwa fedheha. Kuna ya kupokea kwa wahyi, na kuna ya kutafuta kwa ndoo na kinu. Mtoto aliyezoeshwa kuyatenganisha hayo namwamini katika yote mawili kuliko yule anayeitikia kila kitu kwa sauti moja.

Wala sisemi kuwa kila mwenye kuuliza ana nia safi. Yuko anayeuliza ili amchekeshe jirani yake, na huyo mwalimu humjua. Lakini dawa yake si kulifunga suali, ni kumwambia: vyema, tulitafute, na wewe utachota maji. Aliyekuja kwa mzaha hachoti.

Katika wiki zangu za mwisho jambo kubwa Karagita lilikuwa ni ziwa lenyewe. Mwaka 2020 maji yalipanda mno, na kando ya Naivasha watu wengi walihama majumba yao, na walionibakia darasani walikuwamo waliopotewa na vitanda na vitabu. Mitaani yalisemwa mengi. Kauli iliyokuwa na nguvu zaidi ilikuwa kwamba ardhi imetikisika kule chini na ule mlango wa siri umezibika, ndiyo maana ziwa limejaa. Kauli hiyo iliwafurahisha wanafunzi wangu, maana mlango ule waliuona kama ni wao, wao ndio walioutafuta.

Yule msichana hakuifurahia. Aliniuliza kama maziwa mengine nayo yamepanda. Nikamwambia kuwa nimesikia hivyo, ila nisikate neno mpaka tuhakikishe. Tukamuuliza mwalimu, naye akatuletea khabari kuwa Nakuru limepanda, na Baringo, na Bogoria, na hata Turkana kule mbali kaskazini. Akafikiri, akichora chini kwa kijiti. Kisha akasema: "Maalim, kama ni mlango, ingebidi milango yote ifungwe mwaka mmoja. Mimi nadhani ni mvua, maana mvua ni ya wote." Akanyamaza, akafuta alichokichora, akaongeza: "Lakini nadhani tu. Jee, daftari za mvua huwekwa wapi?"

Nilimwambia sijui, na kesho yake tukaenda kuzitafuta.